Moja Tu Baada ya Kula

Msikilizaji, leo sina neno na yule anayemaliza paketi kwa siku. Huyo anajijua, mkewe anamjua, na kikohozi chake cha alfajiri hata majirani wanakijua. Nataka nizungumze na yule anayesema yeye si mvutaji. Ukimkuta na sigara mkononi anakwambia, "Hii? Moja tu baada ya kula." Au mbili: moja baada ya ugali wa mchana, nyingine jioni kijiweni, basi. Wikiendi kukiwa na bia mezani, hesabu inalegezwa kidogo.

Ndugu yetu huyu yuko kila mtaa, na biashara imejipanga kwa ajili yake. Nenda duka lolote la uswahilini, lile tunaloliita kwa Mangi hata kama mwenyewe ni Mpemba. Pale kwenye nondo za dirisha pananing'inia kiberiti cha gesi, kimefungwa kamba ili mteja asiondoke nacho. Paketi iko wazi, imekaa kando ya ndoo ya pipi. Mteja anatoa sarafu, anapewa sigara moja, anavuta kiberiti kwa kamba yake, anainamisha kichwa, anawasha, anaondoka. Hata dakika haijaisha. Onyo la afya liliandikwa kwenye paketi, na paketi imebaki ndani kwa Mangi. Mtu anaweza kuvuta miaka kumi asilisome onyo hilo hata mara moja. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazitaka nchi zijitahidi kupiga marufuku uuzaji wa sigara moja moja, hasa kwa sababu ya watoto. Wa kununua paketi anahitaji fedha. Wa kununua moja anahitaji chenji ya mkate aliotumwa na mama.

Lakini tubaki kwanza na mtu mzima na moja yake, maana kwenye hesabu ndiko tunakojidanganya. Tunadhani hatari ya sigara inauzwa kama sukari: ukichukua robo, unalipia robo. Ishirini kwa siku ndiyo hatari kamili, kwa hiyo moja itakuwa sehemu moja ya ishirini, kitu kidogo ambacho mazoezi ya Jumamosi yatakimaliza.

Mwaka 2018 Allan Hackshaw wa University College London na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ uchambuzi wa tafiti 141 zilizofuatilia watu kwa miaka mingi. Walitaka kujua hilo hilo: huyu wa moja kwa siku anapata nini? Kwa wanaume, mvutaji wa ishirini alikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo mara mbili ya asiyevuta. Mvutaji wa moja, kwa hesabu ya dukani, angeongezewa asilimia tano hivi. Alikutwa ameongezewa asilimia 48. Yaani kanunua moja, kalipia karibu kumi. Kwa wanawake, moja kwa siku ilibeba kama theluthi ya madhara ya ishirini. Kiharusi nacho kilifuata mkondo huo huo.

Utaniuliza, inakuwaje? Inakuwa hivi. Mengi yanayouumiza moyo hayangoji moshi ulimbikizane miaka na miaka. Yanatokea pale pale, ndani ya dakika chache za sigara hiyo hiyo moja. Nikotini inauamuru moyo uende mbio na kuiamuru mishipa ijibane, presha inapanda. Utando laini uliotanda ndani ya mishipa, ambao kazi yake ni kuilegeza mishipa na kuiacha damu ipite bila kunata, unachubuliwa na kemikali za moshi. Chembe sahani, zile chembe za damu zinazokimbilia kuziba jeraha ukijikata na kisu cha jikoni, zinachokozwa na kuanza kushikana wakati hakuna jeraha lolote la kuziba. Na uchokozi huo hauhitaji moshi mwingi. Sehemu kubwa yake inakuja na moshi wa kwanza kwanza. Ukiongeza sigara ya tano au ya kumi unazidisha hatari, ndiyo, ila si kwa kasi ile ya mwanzo.

Halafu kuna gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Hata kama jina ni geni, kazi yake unaijua: ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi. Haina rangi, haina harufu. Inang'ang'ania chembe nyekundu za damu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, na palipokaliwa na gesi hiyo oksijeni haipati nafasi. Tunaiogopa ikitoka jikoni. Ikitoka kwenye sigara, kwa kiasi kidogo lakini gesi ni ile ile, tunaivuta kwa mpangilio, kila siku saa nane mchana.

Sasa mchukue mwanamume wa miaka 45. Tumbo limeanza kumtangulia, presha hajawahi kuipima tangu azaliwe, sukari inapanda kimya kimya. Watu wa namna hii tunao wengi, na pengine mmoja yuko ndani ya gari anatusikiliza kwenye foleni ya Ubungo. Kwa mtu kama huyo sigara moja haiji peke yake. Inakuta presha, inakuta sukari, inakuta mafuta kwenye mishipa, zinashirikiana. Akianguka, msibani watasema alikuwa mzima, jana tu tulikuwa naye, wala sigara hakuwa anavuta, labda ile moja moja.

Mapafu yana hesabu nyingine. Huko idadi ya sigara ina uzito wake, ila idadi ya miaka ina uzito zaidi. Ndani ya njia ya hewa kuna vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinapepea usiku na mchana vikisukuma vumbi na makohozi kuelekea kooni. Moshi unavipooza. Mvutaji anapolala vinapata nafuu kidogo na kurudi kazini, na ndiyo maana kile kikohozi kinakuja asubuhi, kabla hata ya chai. Mwenyewe anawasha sigara "kukata kikohozi", na kweli kinakatika, maana wafagiaji wamepoozwa tena. Lami ya moshi inabaki. Katika moshi wa sigara zimetambuliwa kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani.

Namna dunia ilivyokuja kulijua hili ni hadithi ninayoipenda, naomba unipe dakika mbili tatu.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ilijikuta na wagonjwa wa saratani ya mapafu wengi kupita kiasi, na sababu haikueleweka. Daktari mmoja, Richard Doll, akiwa chini ya mtaalamu wa takwimu Austin Bradford Hill, akaanza kazi ya kuwahoji wagonjwa katika hospitali za London: unaishi wapi, unafanya kazi gani, unakula nini, unavuta? Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Yeye alishuku lami mpya ya barabarani na moshi wa magari. Majibu yalipoanza kurudi, akaona lami yenye kesi siyo ya barabarani. Hakungoja kuchapisha, aliacha sigara kazi ikiwa bado inaendelea. Makala yao ilitoka mwaka 1950.

Watu wakabisha, kama kawaida ya watu. Basi mwaka 1951 Doll na Hill wakawaandikia madaktari wa Uingereza, wakawauliza habari za uvutaji wao. Karibu 40,000 wakajibu. Waliwachagua madaktari kwa akili: ni watu wanaojaza fomu, na wakifa sababu ya kifo inaandikwa vizuri. Kilichofuata ni kungoja. Mwaka baada ya mwaka walihesabu nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Hill akatangulia mbele ya haki mwaka 1991, hesabu ikaendelea. Matokeo ya miaka hamsini yalitoka mwaka 2004, Doll akiwa na miaka 91 na bado yuko kazini. Waliong'ang'ania sigara walikufa wastani wa miaka 10 kabla ya wenzao wasiovuta, na kama nusu yao waliuawa na sigara yenyewe, iwe kwa moyo, mapafu, kiharusi au saratani za sehemu mbalimbali, kuanzia koo hadi kibofu cha mkojo.

Hapo ndipo anapoingia babu. Kila nikizungumzia sigara lazima mtu aniletee babu yake. Babu kavuta misokoto tangu ujana, kafa na miaka 92, meno yote mdomoni. Mimi sibishani na babu. Kama sigara inaua nusu, maana yake nusu inawabakiza, na babu alikuwa kwenye nusu hiyo. Lakini kaka yake babu, aliyekufa na miaka 51 kifua kikimbana, nani anamtaja kijiweni? Yeye walisema ni kazi ya Mungu, wengine wakasema karogwa, na wajukuu zake hawakupata wa kuwasimulia. Mababu wenye hadithi ni wale waliobaki kuzisimulia.

Nije kwetu zaidi, kwenye kifua kikuu. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Vijidudu vya kifua kikuu vinaweza kukaa mwilini miaka bila kumwangusha mtu, kinga ya mapafu ikivishikilia. Sigara inaidhoofisha kinga hiyo hiyo. Utafiti mkubwa wa India uliochapishwa mwaka 2003 uliona kwamba karibu nusu ya vifo vya kifua kikuu vya wanaume wa huko vilichangiwa na kuvuta tumbaku. Nusu! Sisi tunapanga bajeti za dawa na mashine za vipimo, na sigara iko dirishani kwa Mangi inafanya kazi upande wa pili.

Na kuna jambo la karibu zaidi ambalo takwimu hazilioneshi vizuri. Mvutaji akikohoa, hashtuki. Mwenzake asiyevuta akikohoa wiki mbili mfululizo anaanza kuulizana na mkewe. Huyu wetu anakohoa mwezi, miezi miwili, anapungua mkanda unaongezwa tundu, bado anasema, "Ah, hii sigara bwana, nitaipunguza." Kumbe siyo sigara peke yake, na nyumbani kuna mtoto anayelala kitanda kimoja naye. Wewe uliyezoea kikohozi chako, kikifika wiki mbili kapime makohozi. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali, hilo huhitaji kunisikiliza mimi kulithibitisha.

Kuhusu moshi wa mwenzako nitasema kidogo tu. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japani alitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 91,000 walioolewa ambao wenyewe hawavuti. Waliokuwa na waume wavutaji walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu, na mume alivyovuta zaidi ndivyo hatari ya mke ilivyozidi. Wenye viwanda walimshambulia sana. Tafiti zilizofuata zikamuunga mkono. Hao ni wanawake wa Japani, na nyumba zetu tunazijua: chumba na sebule, dirisha moja, feni inayozungusha hewa ile ile. Baba akivutia mlangoni kwa heshima ya familia, upepo haujui heshima, unarudisha ndani. Mjamzito aliyekaa pale analipia mara mbili, yeye na wa tumboni, ambaye ana hatari ya kuzaliwa na uzito mdogo. Dunia nzima tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuwa wavutaji.

Najua kuna wa shisha wameshapumua, wanasema hawahusiki, moshi wao unapita kwenye maji. Maji yanaupoza moshi ili uingie bila kukwaruza koo, basi, sumu zinapita. Kikao cha saa moja kinaweza kumwingizia mtu moshi wenye ujazo wa mara mia na zaidi ya ule wa sigara moja. Wa sigara za menthol pia hana nafuu, ubaridi ni wa kooni tu.

Mwingine atauliza: kama tumbaku ni mbaya hivyo, mbona tunailima Tabora na Urambo, na taifa linapata fedha za kigeni? Ni swali la haki, na sitalijibu kwa wepesi, maana kuna familia zimesomesha watoto kwa tumbaku. Ila waulize hao hao wakulima. Ukivuna majani mabichi yakiwa na umande au mvua, nikotini inapenya kwenye ngozi, na jioni unatapika, kichwa kinazunguka, mwili hauna nguvu, na hujavuta hata pafu moja. Kisha miti inakatwa kulisha moto wa mabani ya kukaushia. Kenya, kule Migori, tangu 2022 kuna mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa wa kuwasaidia wakulima wahame tumbaku kwenda kwenye maharage, wakihakikishiwa soko. Bila soko, nisingemlaumu mkulima hata kidogo.

Turudi kwa rafiki yetu wa moja. Kwa nini asiache, kama kweli ni moja tu? Moshi ukishaingia mapafuni, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde kumi na kitu, haraka kuliko hata sindano ya mkononi. Ubongo unajifunza: chakula kimeisha, sasa ile kitu. Hiyo ni kamba, na ina urefu tofauti kwa kila mtu. Ukitaka kujua yako, jiangalie asubuhi. Anayewasha ya kwanza ndani ya nusu saa tangu aamke, huyo kamba yake ni fupi na atahitaji msaada. Anayeweza kwenda mpaka mchana ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Na asiridhike na kupunguza. Aliyetoka ishirini akafika moja amefanya kazi kubwa, mapafu yanamshukuru, lakini moyo wake, kwa zile tafiti 141, bado uko karibu nusu ya njia. Kwa moyo, namba inayolipa vizuri ni sifuri.

Arosto ipo, sitakudanganya. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya: hasira za bure, usingizi mwepesi, njaa isiyoeleweka, mkono unatafuta cha kushika. Baada ya wiki tatu nne sehemu kubwa imepita. Tamaa moja moja inadumu dakika chache, ukiipitisha inaondoka, hata ile ya baada ya kula. Inuka mezani, kasafishe kinywa, tembea upande usio na duka. Kuna jojo na plasta za nikotini, ambazo tangu 2009 ziko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kuziona kwenye maduka yetu ya dawa ni kazi, na hilo ni deni la wanaopanga bajeti ya afya, siyo la mgonjwa. Mfamasia akikuangalia kama umemuuliza habari za mwezini, muulize tena.

Malipo yanaanza mapema. Ndani ya siku moja kaboni monoksaidi ya sigara imepungua sana kwenye damu. Ukitimiza mwaka, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo imeshuka karibu nusu. Wale madaktari wa Doll walioacha wakiwa na miaka 60 walijirudishia kama miaka 3 ya maisha, wa 50 wakapata 6, wa 40 wakapata 9. Walioacha na miaka 30 walirudishiwa karibu yote kumi. Kwa hiyo bodaboda wa miaka 28 unayenisikiliza kwenye simu, hujachelewa. Nawe mzee wa 60 unayesema yamekwisha, miaka mitatu ni mingi, unaweza kuona mjukuu anaanza shule.

Muda wangu umekatika, fundi mitambo ananionesha saa. Mliotuma jumbe kuhusu sigara za umeme, nimeziona, nitazijibu Jumatano. Siku hiyo pia tutaingia kwenye ugoro na tambuu la tumbaku, maana najua kuna wanaotafuna walikuwa wanacheka dakika zote hizi.